Ngazi Ishirini na Mbili

Tarehe 27 Januari

Mjomba, shikamoo.

Shikamoo nyingine mpelekee mkazamjomba, na usiimeze njiani kama ile ya mwaka jana, maana dereva aliniletea manung'uniko yake yote. Sisi hatujambo. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa ndiyo kwanza anataka kuimba nyimbo zenye herufi S. Paa la jikoni bado linavuja, beseni tuliloweka chini yake limeshakuwa mwanafamilia. Ofisini lifti iliharibika na hakuna anayeitaja tena. Napanda ghorofa tatu kwa miguu, nikikaa mezani nimeshachoka kabla kazi haijaanza.

Barua hii nampa dereva anayekuja kuchukua fomu zako, kwa sababu simu yako nikipiga haipatikani. Zamani kila Jumapili ulikuwa unapanda kilimani kutafuta mtandao. Vipi, kilima kimehama?

Sasa lililonikalisha chini. Unajua kazi yangu mwaka huu ni modeli ya bonde letu. Ukiniuliza modeli ni nini, ni mto wa ndani ya kompyuta. Nauingizia mvua, udongo, misitu, mashamba na mazao yake, nao unaniambia maji kiasi gani yatabaki. Halafu naulinganisha na mto wako, yaani zile namba za kina cha maji unazozisoma kwenye kibao cha mtoni asubuhi na jioni na kuzijaza kwenye fomu. Ikilingana mito miwili, naaminiwa.

Hailingani, Mjomba. Miaka tisa ya mwanzo inakwenda kama pacha. Hii miwili ya mwisho mto wangu una maji, wako hauna. Mkuu wa kitengo anasema jibu ni rahisi, watu wa mfereji wanachota kuliko walivyoruhusiwa, basi mfereji ufungwe kuanzia Septemba mpaka mvua. Mfereji wenu huo. Nyanya za mkazamjomba, vitunguu vya jirani, kaya mia tatu.

Nimemwomba nikuulize kwanza. Huko kuna kilichobadilika? Msitu wa juu hauna tatizo, kwenye picha za setilaiti uko kijani mwaka mzima, hata kiangazi. Basi ni nini?

Nikipata nafasi nitakuja mwenyewe nione.

Mpwa wako

*

Tarehe 28 Februari

Marahaba, Mama Maswali.

Salamu zako zimefika zote, hakuna niliyoimeza. Mkazamjomba wako hajambo, ila mdomo ndio ule ule. Mimi mzima. Usishangae herufi kubwa, kalamu hii ni ya bei ya mafungu, bila kuikandamiza haiandiki. Kilima hakijahama, magoti yangu ndiyo yaliyohama. Mjukuu mwambie asiwe na haraka ya S, meno yatarudi, na yakirudi atayatumia kukuomba vitu.

Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Msitu gani huo, mwanangu? Msitu wa juu ulikatwa mwaka ule tuliomzika mama yako. Wewe uliondoka siku ya tatu, mashine zikaja siku ya kumi. Yale ni maparachichi. Ni shamba la mwekezaji, toka ukingo wa mto hadi mgongoni mwa kilima, miti imepangwa mstari kwa mstari kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Kila mti una mpira wake wa maji, unanyonya kiangazi kizima. Kwa nini usiwe kijani? Hata mimi ningekuwa kijani.

Pampu zao nazihesabu nikiwa nimekaa kimya kule mtoni. Mwaka wa kwanza zilikuwa mbili. Sasa ni nne, na ya nne ina kikohozi. Hiyo setilaiti yenu inapita juu mno, mwambieni mwenyewe ashuke aonje.

Sisi wa mfereji tunachota kwa zamu, na zamu inaandikwa. Mtu akichota nje ya zamu anasemwa mpaka anahama kanisa. Kwa hiyo mkuu wako asitusingizie.

Nayo hiyo nafasi ya kuja, imeshazaliwa au bado iko tumboni?

Mjomba wako

*

Tarehe 27 Machi

Mjomba, shikamoo, na asante kwa kunicheka, maana nilistahili.

Mtoto alikuwa na homa wiki nzima, sasa amepona na deni la usingizi ameniachia mimi. Beseni limetoboka.

Nilirudi kwenye picha, nikavuta karibu mpaka macho yakauma, nikaiona ile mistari. Imekuwepo muda wote, ni mimi niliyeipaka rangi ya msitu kwa sababu kijani kiangazi nimezoea kukiita msitu. Nimechukua wiki tatu kusahihisha. Msitu umekuwa shamba, kila mti nimeupa kinywaji chake, nikaiendesha modeli upya. Mto wangu ukashuka, ukashuka, ukakaa juu ya wako. Nilibaki pale kwenye kiti nacheka kama chizi. Kibao chako kiko chini ya wote wawili, wa mfereji na wa maparachichi, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumlaumu asiyekuwa na wakili.

Nikampelekea mkuu wa kitengo. Huyu bwana ni mchovu kuliko mimi, lakini kwenye namba hasinzii. Hata modeli hakuitazama, alizitazama fomu zako. Akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia: 51, 68, 85, 102, halafu 85, 68, 51. Akaniuliza, "Unaona nini?" Nikaona, Mjomba. Ni jedwali la kuzidisha kwa kumi na saba. Miaka tisa unaandika 63, 64, 71, mto unapanda na kushuka kama mto. Ghafla, miaka miwili sasa, hakuna hata 70 moja. Mkuu akasema namba hizi hazikupimwa, zimepikwa, tupa miaka yote miwili.

Tukiitupa, na maparachichi yanapotea pamoja nayo, maana yameanza kunywa ndani ya miaka hiyo hiyo. Sina ushahidi mwingine. Lawama inarudi kwenye mfereji.

Nakuuliza kama mpwa, si kama ofisi. Kibao unakisoma?

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mbuzi amezaa pacha. Mvua ilikatika mapema. Mwezi uliopita sikuandika, sikuwa na la kuandika.

Swali lako nimelisikia. Miaka kumi na moja nashuka mtoni mara mbili kwa siku, mvua na jua. Siku niliyomzika dada yangu, mama yako wewe, asubuhi nilipima na jioni nikapima. Leo mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa mbegu za mahindi ananiuliza kama napima. Haya.

Namba ni za kweli. Kama hamzitaki, tafuteni mto mwingine.

Mjomba wako

*Mwanangu, hapa chini ni mimi, mkazamjomba wako. Amenipa nifunge bahasha, nimemwambia naongeza salamu zangu. Haya ninayoandika hatayasoma, kwa sababu haoni.*

*Limeanza jicho la kushoto, likafuata la kulia. Hospitali walisema ni presha ya macho na kilichopotea hakirudi. Sasa anaona mwanga kidogo pembeni, basi. Barua zako namsomea mimi. Zake anaziandika kwa kufuata ukingo wa rula, ndiyo maana mistari inapandana kama mbuzi. Fomu najaza mimi kwa kuiga mwandiko wake. Aliniapisha nisiseme kwa mtu, na wewe ukiwa wa kwanza.*

*Mtoni anashuka zile ngazi za saruji kiatu cha kushoto kikiwa mkononi. Mguu ukigusa maji anasimama. Ngazi ni ishirini na mbili, anatoa zile kavu alizoshuka, zinazobaki anazidisha kwa kumi na saba. Alipima kimo cha ngazi moja kwa futi ya fundi cherehani wakati bado anaona kidogo, akapata sentimita kumi na saba. Mwanangu, namba hakuzipika. Amezikanyaga kwa mguu wake, moja moja.*

*Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu bwana wangu ameumbuliwa na hesabu. Usimwambie kwamba nimekwambia.*

*

Tarehe 28 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mkazamjomba, unayesoma, shikamoo na wewe. Nakuomba usome yote bila kuruka mstari. Na nisamehe, siri yako nimeshindwa kuibeba.

Mjomba, najua huoni. Usimgombeze aliyeniambia, hata asingesema ningefika hapo. Mtu anayepika namba anapika za kila aina ili zipendeze, hakai na kumi na saba miaka miwili. Nilijua kuna kitu chenye kipimo kimoja kinachohesabiwa. Sikujua ni mguu wako.

Nilikasirika kwanza. Nikasema kwa nini amenificha mimi, mtoto wake? Halafu nikakumbuka kwamba tangu tumzike mama sijakanyaga kwako. Kila barua naandika "nikipata nafasi". Nafasi zilikuwepo, Mjomba. Nilikuwa naogopa kuingia nyumba ile nisimkute jikoni. Ningekuja hata mara moja, ningeona unavyopapasa kikombe. Kompyuta imeyajua macho yako kabla yangu, na hilo naliona aibu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Mkuu wa kitengo nilimweleza habari ya ngazi bila kutaja kwa nini. Alifikiri sana, akasema kipimo ni kipimo, hata cha ngazi, mradi kijulikane. Anataka mambo mawili. La kwanza, mpima aje azipime ngazi zote na kuzilinganisha na kibao. La pili, wewe mwenyewe utie sahihi maelezo ya jinsi ulivyopima, tangu lini, na kwa sababu gani. Sababu iandikwe. Bila hiyo, miaka miwili inatupwa na mfereji unafungwa.

Najua ninachokuomba. Ukiandika kwamba huoni, hawatakuacha uendelee kuwa msomaji wa kibao. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kazi hiyo itaisha.

Mpima atakuja na dereva mwisho wa Julai. Ukikubali, mwonyeshe ngazi. Ukikataa, mpe chai arudi, na mimi sitakuuliza tena maisha yangu yote.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Julai

Mama Maswali, marahaba.

Leo anaandika mkazamjomba wako, mimi nasema. Nimemwambia aandike ninavyosema bila kutia chumvi. (Chumvi yenyewe anayo yeye.) Umesikia? Ndivyo tutakavyokwenda mpaka mwisho wa barua.

Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu chai ilikuwa haina sukari nikalazimika kuuliza. (Niliiacha makusudi.) Basi yakaisha.

Mpima wako amekuja. Kijana mwenye adabu, ana miguu mitatu ya chuma yenye darubini juu yake. Alitaka kunishika mkono tukishuka. Nikamwambia, ebo, ukinishika nitakosea hesabu! Nikamtangulia. Ngazi kwa ngazi nikamtajia, ya tano ina ufa, ya kumi na moja ina mchanga, ya kumi na sita imekula kona. Akapima zote. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba, isipokuwa ya tisa ambayo ni kumi na nne. Fundi alipunja saruji pale. Miaka miwili mguu wangu unaniambia hiyo ngazi ni fupi, nami naulaumu mguu.

Jioni akatoa karatasi. Akaniuliza sababu. Nikamwambia andika, sioni. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo kinywani mbele ya mtu wa nje. Nilidhani litaniua. Nilikunywa chai tu. (Alilia kidogo.) Usiandike hiyo. (Nimeshaandika.)

Nilikuficha kwa sababu nilijua utakuja mbio kunihurumia. Watu hapa wananiita Bwana Kipimo. Ukiwa kipofu wanaacha jina lako na kukuita mkono, "mshike mkono, mshike mkono". Sitaki kushikwa mkono kwenye ngazi nilizozizoea kuliko kitanda changu. Basi, hilo tu.

Habari ya mama yako kutokuwepo jikoni, hata mimi sijaizoea. Njoo tusiizoee wote.

Mto leo jioni ngazi kavu kumi na tisa. Za maji tatu.

Mjomba wako

*

Tarehe 28 Agosti

Mjomba, mkazamjomba, shikamooni.

Mtoto ameota jino moja, linakwenda upande. Lifti imetengenezwa, imefanya kazi siku mbili, ikafa tena ikiwa na mhasibu ndani.

Naanza na zuri. Miaka yako miwili imekubaliwa yote. Ngazi ya tisa imesahihishwa, na pembeni tumeandika kwamba kila namba inaweza kukosea kwa nusu ngazi. Mkuu wa kitengo alisoma maelezo yako mara mbili, akavua miwani, akasema ana wasomaji kumi na wawili wenye macho na hakuna anayekijua kituo chake hivi. Huyu bwana huwa hasifu mtu, kwa hiyo ihifadhi.

Maparachichi yamesimama kwenye ripoti jinsi yalivyo. Pendekezo sasa ni kwamba mto ukifika ngazi mbili, pampu za juu zizimwe kwanza kabla ya kugusa mfereji. Nimeandika "ngazi mbili", si sentimita. Hakuna aliyehoji.

Baya ni kwamba barua yako ya kustaafishwa iko ndani ya bahasha hii. Mkazamjomba, msomee akishakula. Msomaji mpya ataletwa "hivi karibuni", na maana ya maneno hayo ofisini kwetu naijua mimi.

Baya zaidi, amri ya pampu haijatoka. Kikao kiliahirishwa mara ya kwanza akidi haikutimia, ya pili mwenyekiti alisafiri. Cha tatu kilikaa, kikakubali kila kitu. Sasa karatasi iko kwa mtu mmoja anayepaswa kutia sahihi, naye yuko likizo. Namba ni sahihi, kinachokosekana ni sahihi. Kila asubuhi napanda ghorofa tatu kuuliza kama amerudi, naambiwa bado, nashuka. Nimechoka, Mjomba. Nilidhani kazi ngumu ni kuujua ukweli.

Naja. Sisemi nikipata nafasi, nasema naja. Nimeomba ruhusa, mwanzoni mwa Oktoba nitapanda gari la dereva na mtoto wangu.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Septemba

Mwanangu, marahaba, na mtoto abusiwe hilo jino la upande.

Barua ya kustaafishwa tuliisoma baada ya kula. Nimeiweka pamoja na fomu ya kwanza kabisa niliyojaza, ziko kwenye kopo moja. Msomaji mpya hajaonekana. Kwa hiyo mimi naendelea kushuka. Hawanilipi, basi hawawezi kunifukuza tena.

Amri yenu haijafika huku. Pampu zote nne zinafanya kazi, hata ile yenye kikohozi wameitibu. Mfereji haujafungwa na mtu, haukuwa na haja ya kufungwa. Nyanya za mkazamjomba wako zimekauka zikiwa bado na maua. (Nimezing'oa Jumanne.) Jirani wa vitunguu amemfuata kaka yake mjini.

Nikupe vipimo vya mwezi, uviingize kwenye mto wako wa kompyuta. Tarehe tano, ngazi mbili za maji. Nikasikiliza, pampu hazikuzimwa. Tarehe kumi na nne, moja. Tarehe ishirini na moja mguu uligusa tope kwenye ngazi ya mwisho, nikaihesabu nusu.

Leo asubuhi nimeshuka kama kawaida, kiatu mkononi, nahesabu. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, kavu. Ishirini na moja, kavu. Ishirini na mbili, kavu. Sikuwa na ngazi nyingine ya kuhesabu. Nikanyoosha mguu mbele, nikakanyaga mchanga. Nikasema labda maji yamesogea kidogo, nikapiga hatua. Nikapiga nyingine. Nilikwenda hivyo, kiatu mkononi, nikingoja kulowa, mpaka nikajigonga kwenye mizizi. Ulikuwa ukingo wa pili, mwanangu. Nimeuvuka mto mzima na mguu wangu mkavu.

Sijui hiyo ni sentimita ngapi. Wewe andika unavyojua.

Nilipogeuka kurudi sikuzipata ngazi wala sikuzisikia, maana nilikuwa nazijua kwa sauti ya maji, na maji hayakuwepo. Nilizunguka kwenye mchanga nikapotea pale pale mtoni nilipopima miaka kumi na moja. Nikamwita mkazamjomba wako kwa sauti mpaka akanisikia toka nyumbani. Akashuka, akanishika mkono, akanipandisha zote ishirini na mbili, nami sikumkatalia. Hilo nalo liandike.

Mjomba wako